Kurudi nyumbani kwa ndege ukiwa mjamzito au na mtoto mchanga: kuchagua njia ya kufika Korogwe na Handeni

Mama, huenda unasoma ukurasa huu ukiwa Muscat au Sohar, mkataba umekwisha na unaulizwa tiketi ya tarehe ngapi. Au uko Doha, Dubai, au mbali zaidi Ulaya, una ujauzito wa miezi saba na unataka kujifungulia nyumbani, karibu na mama yako. Au wewe ndiye bibi au shangazi uliyebaki Chanika, Mkata au Mombo, na kila siku unapigiwa simu kuulizwa: "Hii ndege ya bei nafuu ina shida gani?"

Mara nyingi shida haiko kwenye ndege. Iko kwenye saa ambazo tiketi haizioneshi: kusubiri uwanjani, kulala kwenye kiti cha chuma, kutafuta gari usiku, kisha basi hadi Korogwe. Kwa mtu mzima mwenye afya hayo ni uchovu tu. Kwa mjamzito, kwa mama aliyejifungua juzi, au kwa mtoto wa wiki tatu, yanaweza kugeuka kuwa ugonjwa. Ndiyo maana tunaizungumzia safari hii kama jambo la afya, na bei tutaifikia njiani.

Hesabu safari kuanzia mlango hadi mlango

Ndege ya moja kwa moja kutoka Muscat hadi Dar es Salaam iko hewani kwa muda wa saa 5 hadi 6. Watu wengi huhesabu hapo na kuishia hapo. Lakini unatakiwa uwanjani saa 3 kabla. Ukifika Dar kuna foleni ya pasipoti, mabegi, na foleni ya magari kutoka uwanjani hadi stendi ya Magufuli pale Mbezi. Kisha basi: Korogwe ni saa 5 au 6, kupitia Chalinze na Segera. Handeni unaiacha barabara kuu pale Mkata. Ukijumlisha, safari "ya saa 6" imekuwa ya saa 16 au zaidi, na karibu yote umeipitisha ukiwa umekaa.

Sasa weka tiketi ya bei nafuu mahali pake: Muscat hadi Addis Ababa, kusubiri saa 14, kisha Dar. Hapo unazungumzia siku moja na nusu bila kulala kitandani.

Kwa hiyo kabla hujasema ndiyo kwa wakala au kwa mwajiri, chukua kalamu uandike saa zote, pamoja na za basi. Hiyo ndiyo safari yako.

Kwa nini kukaa muda mrefu kuna hatari

Ukikaa bila kutembea, damu ya miguuni husafiri polepole na inaweza kuganda ndani ya mshipa wa ndani wa mguu. Kipande cha damu iliyoganda kikikatika na kufika kwenye mapafu, mtu anaweza kufa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wake kuhusu jambo hili: safari ya kukaa kwa saa 4 au zaidi huongeza uwezekano wa damu kuganda mara mbili hivi. Kwa msafiri wa kawaida bado ni nadra, kama mtu mmoja katika kila 6,000. Uchunguzi huo haukuihusisha ndege peke yake. Basi, gari dogo na treni pia vimo.

Hapo ndipo wengi wanakosea. Wanafikiri hatari imekwisha ndege ilipotua. Mguu haujui kama umekaa kwenye ndege au kwenye basi la Segera. Ukitoka kwenye ndege ya saa 6 ukaingia moja kwa moja kwenye basi la saa 6, hiyo ni safari moja ndefu.

Walio kwenye hatari kubwa kuliko wengine ni wajawazito, waliojifungua ndani ya wiki 6 zilizopita, waliofanyiwa upasuaji karibuni, wenye uzito mkubwa, wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, na yeyote ambaye damu iliwahi kumganda. Kama uko kwenye kundi mojawapo, muulize daktari kabla ya safari. Anaweza kukushauri soksi maalumu za kubana miguu, au dawa. Usijinunulie aspirini kwa sababu rafiki yako alipewa.

Mengine ni ya kufanya mwenyewe. Omba kiti cha pembeni mwa njia, si cha dirishani, ili uinuke bila kuomba ruhusa. Tembea kila baada ya saa moja au mbili. Ukiwa umekaa, nyanyua visigino na vidole vya miguu kwa zamu. Kunywa maji, hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana. Usimeze dawa ya usingizi, kwa sababu utalala umejikunja saa zote bila kugeuka. Mkanda uufunge chini ya tumbo, juu ya mapaja, si katikati ya tumbo. Kwenye basi, likisimama, shuka hata kama huna haja ya choo.

Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukiuma nyuma ya goti au kwenye kitimba, ukawa wa moto, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikibana ghafla au pumzi zikiwa fupi, usisubiri asubuhi. Dalili hizi zinaweza kuja hata wiki kadhaa baada ya safari, kwa hiyo mwambie daktari kwamba ulisafiri. Asipoambiwa hatajua.

Ujauzito: wiki ngapi bado unaruhusiwa?

Mashirika mengi ya ndege humbeba mjamzito mwenye mtoto mmoja tumboni, asiye na matatizo, hadi wiki ya 36. Mwenye mapacha, hadi wiki ya 32. Kuanzia wiki ya 28 mengi hutaka barua ya daktari yenye wiki za ujauzito, tarehe ya matarajio, kama ni mtoto mmoja au mapacha, na kwamba unafaa kusafiri. Barua iwe ya karibuni. Iliyoandikwa mwezi uliopita inaweza kukataliwa mlangoni, hivyo uliza shirika lako linataka iwe ya siku ngapi.

Hesabu wiki za siku utakayopanda ndege, si za siku unayonunua tiketi. Na acha nafasi. Ukikata tiketi ya wiki ya 35 na nusu, kisha safari ikaahirishwa siku nne, umekwama. Sisi tungechagua kurudi kabla ya wiki ya 32, kama uwezo wa kuchagua upo. Wakati mzuri zaidi ni katikati ya ujauzito, kichefuchefu kimekwisha na tumbo halijawa zito.

Tunajua baadhi ya dada zetu huficha tumbo chini ya baibui ili wasizuiwe. Tunaelewa sababu. Lakini fikiria uchungu ukianza usiku kwenye uwanja wa nchi usiyoijua lugha yake, hakuna anayejua una wiki ngapi wala kundi lako la damu. Barua ile si ya kumridhisha mtu wa kaunta tu. Ni karatasi ambayo daktari yeyote ataisoma ukizidiwa. Iweke kwenye mkoba wa mkononi pamoja na kadi ya kliniki na majibu ya vipimo, si kwenye begi linalokwenda chini.

Wapo ambao hawapaswi kusafiri kabla daktari hajawaruhusu, hata kama wiki zinaruhusu: mwenye shinikizo la juu la damu au dalili za kifafa cha mimba, aliyetokwa na damu ukeni, ambaye kondo la nyuma limekaa chini, aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, na mwenye upungufu mkubwa wa damu.

Kuhusu damu, hapa kuna jambo ambalo halielezwi vya kutosha. Ndani ya ndege hewa imepunguzwa mgandamizo, sawa na kuwa kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Lushoto mjini ni kama mita 1,400. Kwa hiyo ndani ya ndege uko juu kuliko Lushoto, na oksijeni ni kidogo kuliko uliyoizoea pwani ya Oman. Mwenye damu ya kutosha hahisi kitu. Mwenye damu kidogo sana anaweza kuishiwa pumzi. Mwenye selimundu, mama au mtoto, anaweza kupata maumivu makali, hasa akikosa maji na kupigwa na baridi. Pima damu wiki mbili kabla, ili kama ni kidogo upate muda wa kutibiwa.

Mtoto mchanga

Baada ya kujifungua kuna haraka ya kurudi, kwa sababu chumba kimekwisha au kibali kimekwisha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asisafirishwe kwa ndege ndani ya saa 48 za mwanzo, na ni afadhali asubiri siku 7. Mashirika mengi hayampokei kabla ya siku hizo 7. Kama alizaliwa kabla ya wakati, umri peke yake hautoshi. Mapafu yake yanahitaji kuangaliwa na daktari kwanza. Na wewe mama uliyejifungua kwa upasuaji, kidonda ni chako lakini ruhusa ni ya daktari.

Mtoto mchanga anahitaji hati yake ya kusafiria. Hawezi kupita kwa pasipoti yako. Ubalozi wa Tanzania uliopo Muscat unashughulikia hati kwa Watanzania walioko huko, na kama muda ni mfupi uliza kuhusu hati ya dharura ya kusafiria. Anza mapema, hasa kama huna cheti cha ndoa au cheti cha kuzaliwa cha mtoto kina kasoro. Usikate tiketi isiyobadilika kabla hujaishika hati hiyo mkononi.

Masikio humuuma mtoto ndege inapopaa, na zaidi inaposhuka, kwa sababu hewa iliyo ndani ya sikio hutanuka na kusinyaa. Mnyonyeshe wakati huo. Kumeza kunafungua masikio kuliko dawa yoyote. Ndege huanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua, kwa hiyo usimshibishe mapema akalala. Mbakizie njaa kidogo. Mkubwa kidogo mpe maji anywe kwa mrija au kikombe. Mwenye mafua makali au sikio linalotoa usaha aonwe na daktari kabla.

Anayetumia maziwa ya kopo: chukua unga wa kutosha safari nzima pamoja na ucheleweshaji wa siku moja. Sheria ya kutopita na kimiminika cha zaidi ya mililita 100 kwa kawaida haihusu maziwa ya mtoto, maziwa ya mama yaliyokamuliwa wala maji yake, ili mradi uyaoneshe kwenye ukaguzi. Maji ya kuchanganyia omba kwa wahudumu. Maji ya bomba la chooni mwa ndege usiyatumie kabisa.

Kitanda kidogo cha mtoto kinachofungwa ukutani mbele ya viti vya mstari wa kwanza ni bure, lakini ni vichache. Ombeni siku mnayokata tiketi. Mtoto wa chini ya miaka 2 anayekaa mapajani kwa kawaida hulipiwa kama asilimia 10 ya nauli ya mkubwa. Ukinunua tiketi yako peke yako ukitarajia kumuongeza uwanjani, utaumia.

Njia zenyewe

Kwa wanaotoka Oman, moja kwa moja hadi Dar ndiyo tunayoipendekeza kwa mjamzito na kwa mwenye mtoto mchanga, hata ikiwa ghali kidogo. Wakati mwingine ndege hupitia Zanzibar kwanza. Uliza kama unabaki kwenye kiti au unashuka. Tiketi inayoishia Zanzibar ni nafuu wakati mwingine, lakini ongeza boti hadi Dar, kama saa 2 za mawimbi, na mabegi mkononi.

Wengi wa Korogwe hawaifikirii Kilimanjaro. Ukiangalia ramani, Korogwe iko karibu katikati ya Dar na uwanja wa Kilimanjaro, na barabara ya kutoka Moshi kupitia Same, Hedaru na Mombo haina foleni za jiji. Ndege zinazopitia Doha, Addis Ababa, Istanbul na Amsterdam zimekuwa zikitua Kilimanjaro. Kwa mama anayetoka Uholanzi au Uturuki na kwao ni Mombo au Korogwe mjini, hii inaweza kumwondolea usiku mmoja wa Dar. Uwanja wenyewe uko kando ya barabara kuu, kwa hiyo panga mapema gari la kukufikisha Moshi. Kwa Handeni faida hii ni ndogo, kwa sababu ukishuka Korogwe una safari nyingine. Mwenye kwenda Handeni ashukie Dar.

Kupitia Nairobi au Addis Ababa si vibaya, ila angalia muda wa kusubiri. Saa 2 hadi 4 zinatosha kutembea, kubadilisha nepi na kula. Pungufu ya saa moja na nusu, ukiwa na mtoto, ni mbio. Na zaidi ya saa 12 kuna jambo jingine: homa ya manjano. Tanzania hudai cheti cha chanjo kwa msafiri wa mwaka mmoja na zaidi anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, au aliyesubiri kwenye uwanja wa nchi hiyo zaidi ya saa 12. Kenya na Ethiopia zimo kwenye orodha. Chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto wa chini ya miezi 9 hapewi, na mjamzito hapewi bila daktari kupima faida na hatari. Cheti nacho huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa. Kama ulichanjwa ulipoondoka, kitafute. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha. Kama huna na ni mjamzito, chagua njia isiyo na usubiri huo mrefu, au upate barua ya daktari.

Nunua safari yote kwenye tiketi moja. Tiketi mbili tofauti zinaonekana nafuu, lakini ya kwanza ikichelewa, ya pili imepotea, na huenda ukalazimika kutoka nje ya uwanja kuchukua mabegi na kuingia upya.

Bei ya kweli

Tuseme tiketi ya kuunganisha ina nafuu ya shilingi 200,000. Toa chakula na maji ya uwanjani kwa saa 14, toa malipo ya begi kama tiketi hiyo haina begi, toa teksi ya usiku na chumba cha Dar kwa sababu umetua saa 8 usiku. Mara nyingi kinachobaki hakifiki bei ya kuku wawili. Kama mwajiri ndiye analipa, mwombe njia ya moja kwa moja ukiwa na barua ya daktari mkononi. Ombi lenye karatasi husikilizwa zaidi.

Tafuta ndege inayotua mchana. Na kama unazo fedha za jambo moja tu la ziada, zitumie kulala usiku mmoja Dar au Moshi kabla ya basi, miguu ikiwa imenyanyuliwa juu ya mto. Viwanja vikubwa kama Doha vina mwendo mrefu. Omba kiti cha magurudumu unapokata tiketi. Ni bure, na si aibu.

Ukishafika

Kuna jambo la mwisho ambalo bibi wa nyumbani anaweza kulishughulikia kabla hamjafika: chandarua chenye dawa. Mtu mzima aliyekaa miaka kadhaa mahali pasipo na malaria hupoteza sehemu kubwa ya kinga aliyokuwa nayo, na mtoto aliyezaliwa huko hana kabisa. Handeni na Korogwe malaria ipo. Mlale ndani ya chandarua kuanzia usiku wa kwanza, si baada ya kupumzika. Homa yoyote, hasa kuanzia kama wiki moja baada ya kufika, ipimwe zahanati siku hiyo hiyo, na mseme mmetoka nje ya nchi.

Mjamzito aende kliniki ndani ya wiki ya kwanza na karatasi zote za huko, hata kama zimeandikwa Kiarabu. Vipimo vingi vina tarakimu na wahudumu watazisoma. Atapewa chandarua na dawa ya kinga ya malaria kulingana na wiki zake. Kadi ya chanjo ya mtoto ipelekwe hivyo hivyo, kwa sababu ratiba ya Oman na ya kwetu hazifanani na muuguzi atahitaji kuona kipi kimeshachomwa. Kama unatoka Dar na dalili za mguu au kifua zikikupata ukiwa kwenye basi, mwambie kondakta akushushe mji wenye hospitali, Korogwe kuna Magunga, na umpigie anayekusubiri akukute huko badala ya stendi.